Tupeane uzoefu: ulipataje nafasi ya utafiti chuo kikuu baada ya uzamivu (PhD)?

Binti wa Mazimbu
Wakuu, salaam. Nimemaliza uzamivu Morogoro, nilisomea sumukuvu, ile sumu inayotokana na kuvu, kwenye mahindi. Mwaka mzima nimetuma maombi, majibu ni kimya au "asante, hukuchaguliwa". Kosa langu lilikuwa kungoja matangazo. Wakfu wa Alexander von Humboldt wa Ujerumani, kwa mfano, unataka uwe umeshapata mtafiti wa kule aliyekubali kukupokea. Mwenyeji kwanza, fomu baadaye.

Mwezi Machi nikachukua makala moja, nikaisoma mara tatu, nikamwandikia mwandishi wake aya tatu tu. Ya kwanza niliuliza juu ya jedwali lake la pili: mahindi yaliyoanikwa kwenye turubai na yaliyoanikwa chini, mbona hakuyatenganisha? Ya pili, nilichokiona mwenyewe maghalani Kiteto na Chemba, kule kulikotokea vifo vya sumukuvu 2016. Ya tatu, ombi. Alijibu siku ya nne, akaanza na lile jedwali. Sasa tunaandika pamoja andiko la kuombea ufadhili. Nyie wenzangu mlipitia wapi?

Mwalimu Eldoret
Hongera dadangu. Mimi sikuenda mbali. Nafundisha chuo ambacho ni mshirika wa CARTA, ule muungano wa vyuo na taasisi za utafiti za Afrika ulioanza 2008, unaoongozwa na APHRC, kituo cha utafiti wa afya na idadi ya watu cha Nairobi, pamoja na Chuo Kikuu cha Witwatersrand cha Afrika Kusini. Nilifanya uzamivu kwa ufadhili wao, na zile semina zao nne ndizo zilizonifundisha kuandika andiko. Nafasi yangu ya sasa imetoka kwa mtu tuliyekaa naye meza moja kule. Kabla ya kutazama Ulaya, uliza idara yako ni mshirika wa nani. Wengi wetu hatuulizi.

Mzaramo Ughaibuni
Someni masharti mapema, jamani. Mimi nilisoma uzamivu Ubelgiji, nikataka kubaki hukohuko kwa ufadhili wa Marie Skłodowska-Curie wa Umoja wa Ulaya. Andiko limekamilika, mwenyeji amekubali, ndipo nikaona sharti: usiwe umeishi nchi unayoombea zaidi ya miezi 12 ndani ya miezi 36 kabla ya siku ya mwisho ya maombi. Miezi mitano ya kazi ikaishia pale. Niliumia sana. Mwaka uliofuata nikaandika upya na mwenyeji wa Denmark, nikapata.

Mama Naila
Nami niliandikiwa kwamba nimechaguliwa, nilipe dola 250 za "kushughulikia faili". Sikuwa nimefanyiwa usaili hata wa dakika moja. Mume wangu ndiye aliyenizuia, nilikuwa nimeshafika kwa wakala na pesa mkononi. Nafasi ya kweli inakulipa wewe.

Barua za wadhamini nazo ziombwe mapema. Profesa wangu alikuwa safarini siku ya mwisho, nikakosa nafasi niliyoitamani kuliko zote. Siku hizi nawapa wiki sita, na ukurasa mmoja wa kuwakumbusha nilifanya nini chini yao.

Mjoli
Binti wa Mazimbu, tunaomba utuwekee ile barua pepe. Nimetuma 31, sijajibiwa hata moja, na zote zinaanza "Mheshimiwa Profesa, natafuta nafasi".

Binti wa Mazimbu
Kesho jioni naiweka, nikishaondoa jina lake. Wewe weka moja ya kwako tuisome pamoja, na useme umesomea nini.

Mjoli
Mwani, Paje. Naiweka sasa hivi.