Wakili haonekani, shauri linalotupwa ni la mteja. Mpaka lini hapa Tanga?

Wakuu, hili la mawakili kutotokea Baraza la Ardhi na Nyumba limetufika shingoni. Mtu katoka Pangani na basi la alfajiri, kawalipia nauli mashahidi wawili, karani anaita shauri, wakili hayupo. Simu haipokelewi. Mara anasimama wakili mwingine: "Mheshimiwa, mwenzangu yuko Mahakama Kuu, naomba ahirisho." Karatasi ya kuthibitisha hana, na ahirisho analipata!

Kanuni ipo. Kanuni ya 13 ya Kanuni za Mabaraza ya Ardhi na Nyumba ya Wilaya, Tangazo la Serikali Na. 174 la 2003, inataka wakili anayesemekana yuko mahakama ya juu iletwe hati yake ya wito na orodha ya mashauri ya huko. Mwenyekiti wa Baraza anayepokea maneno matupu kaiweka kanuni kapuni. Kanuni hiyohiyo inasema wakili akikosa tarehe mbili mfululizo bila sababu ya msingi wala uthibitisho huo, Baraza laweza kumtaka mteja aendelee mwenyewe. Akikataa kutoa ushahidi bila sababu, shauri laweza kutupwa. Yaani mkosaji ni wakili, anayepoteza kiwanja ni mteja!

Basi usibaki nyumbani eti wakili yupo. Nenda kila tarehe, na wakili akikosa omba iandikwe kwenye mwenendo, yaani kumbukumbu rasmi za shauri, kwamba wewe ulikuwepo.

Shauri likitupwa kwa kutohudhuria una siku 30 kuomba amri itenguliwe, palepale Barazani. Usikimbilie rufaa; rufaa ya Mahakama Kuu inakuja maombi hayo yakikataliwa. Wengi wanaanguka kwenye hati ya kiapo, yaani maelezo ya kuapa yanayoambatana na maombi hayo. Wanaandika "wakili wangu aliniambia alikuwa anaumwa", wanaishia hapo. Hayo ni maneno ya kusikia. Wakili aape hati yake mwenyewe na aambatishe cheti cha hospitali chenye tarehe ya siku ile. Siku 30 zikipita, kwanza unaomba kuongezewa muda, na kila siku uliyochelewa inadaiwa maelezo, hata ikiwa moja. Ukisema tu wakili alizembea hufiki mbali: Mahakama ya Rufani imeshasema mara nyingi kwamba uzembe wa wakili, kwa kawaida, si sababu ya kutosha. Ila kagua mwenendo. Kama siku ile shauri lilipangwa kutajwa tu, yaani kuangalia limefikia wapi, na si kusikilizwa, hapo una hoja nzito ya kupinga kutupwa kwake.

Na wakili je? Kamati ya Mawakili, chini ya Sheria ya Mawakili, Sura ya 341, inaweza kumkaripia, kumsimamisha au kumfuta kwenye orodha ya mawakili. Peleka malalamiko kwa hati ya kiapo, pamoja na nakala ya mwenendo, risiti za malipo na meseji zenu. Bila mwenendo, inabaki neno lako na lake.

Lakini kwa nini mzigo huo abebe mteja aliyekwisha kuumizwa? Wenyeviti waandike kwenye amri jina la wakili aliyekosa na sababu aliyotoa, nakala iende Kamati. Nauli za mashahidi wa siku ile alipe yeye. Na mawakili mliomo humu, jibuni: hati ya wito ya Mahakama Kuu mnayo mkononi, kwa nini huyo anayesimama kwa niaba yenu hamumpi?