Kiti cha enzi kinamwaga unga, juzuu zina ukungu: tuanzie wapi?

Mlinzi_wa_Chumba (Pangani)
Wakuu, habari za majukumu. Tuna chumba cha kumbukumbu za mji ndani ya nyumba ya zamani ya mawe. Vitu ni kama 140: mikeka, kofia za kushona kwa mkono, kanga, masinia ya shaba, juzuu za khati ya mkono, na kiti cha enzi kimoja chenye nakshi za mfupa. Masika imeacha unga laini kama sembe chini ya kiti, na majalada ya juzuu yana ukungu wa kijivu. Halafu familia iliyoleta sinia inalitaka, na hatukuandikiana. Fedha ndogo, friza tunaweza kuazima.

FundiSamani
Usikimbilie dawa. Unga huo unaweza kuwa wa zamani, umedondoka kwa sababu kiti kimesogezwa tu. Safisha matundu kwa brashi laini, tandika karatasi nyeusi chini ya kila mguu, usikiguse wiki mbili. Unga mpya ukidondoka, kinabunguliwa bado. Chungulia na matundu: jipya huwa jeupe ndani, la zamani limeshafifia na kushika vumbi.

Wadudu wakiwapo, kifunge chote kwa nailoni nzito, kitenge na vitu vingine, umwite mtaalamu wa uhifadhi. Friza hapana, hata kingeenea: mpingo, mfupa na kamba havisinyai sawasawa kwenye baridi, vipande vya nakshi vitabanduka. Na mtu asikipakie mafuta ya taa au dizeli. Mfupa unanyonya, doa halitoki tena.

Friza ni ya mikeka na kofia. Tia kwenye mfuko wa nailoni, kamua hewa, ziba kwa utepe wa gundi, nyuzi 20 chini ya sifuri kwa wiki mbili. Ukitoa, usifungue mfuko kwa saa 24. Ukifungua mapema, umande wa joto letu la pwani unatua juu ya ukindu na umejitengenezea ukungu kwa mikono yako.

Khati_na_Karatasi
Juzuu usizianike juani. Ziweke kivulini, feni ipulize chumba, isizielekee. Ukungu mbichi ukiupangusa unapakaa. Subiri ukauke uwe vumbi, ndipo utoke nje na brashi laini, ukivaa barakoa ya N95, ukifagia kutoka mgongo wa kitabu kwenda nje. Kitambaa chenye maji au spiriti kisiguse ukurasa: wino wa masizi na gundi huyeyuka kwa maji, utafuta aya nzima. Kuleminetisha ndiyo mbaya kuliko yote, hakurudishiki.

Mlinzi_wa_Chumba
Asante sana. Niongeze: kuta tulizipiga plasta ya saruji.

Khati_na_Karatasi
Basi ukungu umeshapata jibu. Ukuta wa mawe ya matumbawe na chokaa hupumua. Saruji inaufungia unyevu ndani. Bandua plasta hiyo, anzia chini ambako unyevu unapanda, urudishie ya chokaa. Rafu zikae sentimita 10 kutoka ukutani. Nunua haigromita, yaani kipima unyevu wa hewa, ikizidi asilimia 65, ukungu uko njiani. Na siku ya mvua kufungua madirisha ni kukaribisha unyevu, japo watu hudhani wanapitisha hewa.

BintiRejista
Sinia: rudisheni kwa heshima, lakini lipigwe picha na lipimwe kwanza. Kuanzia sasa fomu ni mbili tofauti, *zawadi* na *amana*, nakala mbili kila moja. Amana iwe na muda, tuseme miaka 2, kisha mnahuisha. Kitu cha urithi asisaini mrithi mmoja, maana si chake peke yake.

Namba za rejista: 2025.7.1 ni mwaka, fungu lililopokewa, kitu. Kanga doti moja, vipande vyake viwili ni a na b. Jina la kanga, yaani maneno yake, liandikwe rejistani. Shona utepe wa pamba pembeni kwa mishono miwili, namba kwa penseli. Kanga zizungushwe kwenye bomba lililofunikwa kitambaa cha marekani kilichofuliwa mara mbili kutoa wanga, zisikunjwe.

Masinia yasisuguliwe kwa ndimu na majivu. Yanang'aa, ndiyo, na maandishi yanaondoka kidogo kila mara.

Mlinzi_wa_Chumba
Kuna mtu anatuuzia mlango wa nakshi. Tununue?

BintiRejista
Usitoe hela bado. Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 inalinda milango iliyochongwa kabla ya 1940. Nenda kwanza ofisi ya Mambo ya Kale na picha ya mlango, fremu na mahali ulipong'olewa.