Mrejesho: kunasa mabadiliko ya ukurasa wa wavuti kwa JavaScript (lugha ya kuandikia programu za kurasa hizo)

Ndugu zangu, niliuliza namna ya kujua bei za samaki zinapobadilika kwenye ukurasa tunaoutumia hapa Tanga, bila kuukagua kila sekunde kwa setInterval (amri ya kurudia kazi kila baada ya muda fulani). Nawashukuru nyote, hasa aliyenielekeza kwenye MutationObserver, chombo cha JavaScript kinachotoa taarifa ukurasa unapobadilika. Mwanzoni ilikaa kimya kabisa, kwa kuwa nilikuwa nimewasha chaguo la childList peke yake (hufuatilia vipengele vinavyoongezwa au kuondolewa), ilhali bei hubadilishwa ndani ya maandishi yaliyopo. Nilipoongeza subtree (kufuatilia hadi vipengele vya ndani) na characterData (kufuatilia maandishi yenyewe), bei ya samaki aina ya changu ilipopanda kutoka shilingi 8,000 hadi 9,500 nilipata taarifa papo hapo. Kwa kisanduku cha kuandikia kilo njia hiyo haikufaa, maana anachoandika mtu humo hakigusi muundo wa ukurasa, hivyo nimetumia tukio la input, yaani ishara inayotolewa mtu anapoandika kisandukuni. Kisanduku kinachojazwa na programu yenyewe bado kinanipiga chenga.