Tupeane uzoefu: Majilio, zile wiki nne za kungoja Krismasi, yanakukuta umepigika, imani unaishikaje?

Mama Hombolo: Leo somo la pili Yakobo 5, mkulima anangoja mvua ya kwanza na ya mwisho, nikasema huyu Yakobo alikuwa Mgogo. Mtama tumeshauberega, yaani kuupanda bila kulima, kwenye vumbi, kuku wanachokonoa mbegu, mbingu nyeupe pee, na Januari hiyo inakuja na ada zake. Wenzangu mnafanyaje?

Kibaigwa_boy: Umeongea mama.

Dada wa Chang'ombe: Ngoja niwape ya mwaka jana. Sala ya jumuiya zamu ya kwangu, wiki ya pili ya Majilio, mishumaa miwili inawaka, wakatokea wale wa kausha damu, mikopo ya riba kali, na kirikuu cha kubebea vitu mpaka mlangoni. Mwenyekiti wa jumuiya, mama mtu mzima, akawaambia kaeni kwanza tumalize neno la Mungu, na kweli wakakaa, mmoja akavua kofia, Baba Yetu kaisali yote na Amina kaitikia kwa sauti kumshinda mume wangu, halafu akainuka akachomoa friji na soda za wageni zikiwa ndani!! Nilitamani ardhi inimeze. Jioni wakaja kinamama wawili na unga na mlenda mkavu, friji hawakuitaja wala hawakuanza kuniombea, wakapika tu. Misa mwaka ule nilikuwa naenda basi tu, kilichonishika ni wale kinamama.

Kibaigwa_boy: Soda nazo zikaenda???

Dada wa Chang'ombe: Zikaenda, na chupa za watu.

Mteule wa Area A: Bwana asifiwe. Mngeikemea roho ya madeni isingeingia humo ndani, nyie mnahesabu mishumaa.

Katekista mstaafu: Mwanangu, mshumaa haukopeshi mtu. Na nyie mmepamba miti tangu Novemba, Krismasi bado! Rangi ya Majilio ni zambarau mpaka mkesha.

Mpwapwa kwetu: Jumapili ya tatu waridi mzee, usitutishe.

Fundi Nkuhungu: Kabla hujakopa uliza kama wana leseni ya BoT, Benki Kuu.

Babu Kongwa: Msikope kabisa, uza mbuzi.

Mama Hombolo: Mbuzi yupi baba, wa ada ya mwaka jana?

Mvumi Anglikana: Mi nasubiri ajira toka nimalize chuo, nikishindwa kusali naenda tu mazoezi ya kwaya, besi wenzangu wananibeba.

Kibaigwa_boy: Dada wa friji, shemeji siku hizi Amina anaitikia kwa sauti?

Dada wa Chang'ombe: Wapi! Kimoyomoyo, anaogopa wadai wengine wasijue kama yupo.