Harusi tunachanga laki, mgombea wetu jero (mia tano) inatushinda, halafu tunalia mtaro

Wakuu salama? Mimi si salama. Nimetoka kijiweni sa hivi, toyo nimepaki, hata hamu ya abiria sina, ngoja niyamwage hapa maana nikikaa nayo nitapigana na mtu.

Asubuhi kuna chalii kaja pale analalamika, kaenda ofisi ya mtaa kuomba barua ya utambulisho akachukue mkopo, kaambiwa atoe elfu tano ya karatasi, risiti hamna. Kapiga kelele mpaka wauza ndizi wakageuka, eti viongozi wezi, eti sisi masikini hatuna mtu. Nikainua siti ya toyo nikatoa counter book nikamwonyesha jina lake. Namba 14. Aliahidi jero kila siku mwezi mzima. Aliyotoa: jero moja. Akanyamaza, kisha akasema "aisee bado unalo hilo daftari?" Ninalo ndio!

Kwa wasiojua, uchaguzi wa serikali za mitaa ulikuwa 27 Novemba 2024. Kijiwe chetu (mtaa siutaji, ni huku Arusha nyuma ya soko la Kilombero, wenyewe mtajijua) tukakubaliana safari hii tusimamishe mtu wetu agombee uenyekiti wa mtaa. Tukamfuata mama anayetupikia makande. Huyu mama ndio alikuwa anazunguka na barua ya kuomba mtaro masika yote, maji yakiingia ndani kwa watu yeye ndio anabeba ndoo, na nusu ya kijiwe tunakula kwake kwa mkopo. Akakataa, akasema "wanangu mimi hela ya siasa sina". Tukamwambia mama wewe pika, hela tutachanga sisi. Tulimwambia sisi! Hakutuomba.

Watu 38 waliandika majina, wote wana kadi ya chama, jero kwa siku, siku 30 za Septemba. Pigeni hesabu, 570,000. Mweka hazina mimi. Nilichokusanya ni 143,500, na humo elfu ishirini ni ya yule dada anayeuza mitumba ambaye hata kijiwe si chake. Wengine ukiwafuata jioni ooh leo hesabu ya bosi haijatimia, ooh mke anaumwa, mwingine ananiambia kesho huku kashika chupa ya pili. Passport size, fotokopi, mafuta ya toyo mbili, spika ya kukodi jioni tatu, hela ikakata.

Upande wa pili tajiri mmoja, jina kaeni nalo, katoa pilau. Haya pilau tumezoea. Lakini usiku wa kuamkia kura za maoni, zile za ndani ya chama za kumpata mgombea, kuna vijana walipita nyumba kwa nyumba wanagawa viberiti. Kiberiti cha kawaida kabisa. Ukifungua njiti hamna, kuna elfu tano imekunjwa mara nne. Mimi nililetewa, nikarudisha, na wife aliniangalia vibaya wiki nzima, hilo nakiri. Takrima, yaani zawadi za mgombea kwa wapiga kura, Mahakama Kuu ilishaifuta tangu 2006, ila kiberiti bado kinatembea usiku.

Kura zikahesabiwa. Mama kapata 23.

Ishirini na tatu. Daftari lina majina 38. Yaani hata tukisema hakuna mwingine mtaa mzima aliyempigia, nyie 15 mliosaini kwa mkono wenu mlimuuza kwa elfu tano, na kesho yake saa nne mlikuwa kwenye benchi lake mnaomba makande ya mkopo. Na aliwapa! Kapakua kama kawaida, hajauliza mtu, mimi ndio nilishindwa kumeza.

Na msiniletee zile za angegombea binafsi. Sheria inataka udhaminiwe na chama, hamna njia ya pembeni. Marehemu Mchungaji Mtikila alipigana na hilo mpaka Mahakama ya Afrika, hapa hapa Arusha, wakampa ushindi 2013, na mgombea binafsi mpaka leo hatujamwona. Kwa hiyo mlango ni ule ule wa kura za maoni, na pale asiyechangiwa na wenzake anamezwa na mwenye kiberiti.

Kinachoniuma zaidi ni kwamba kuchanga tunajua. Wiki hii mimi mwenyewe nina kadi mbili za harusi, moja single elfu hamsini, dabo laki, na tutatoa, kamati itakaa kila Jumapili na mtu akichelewa anapigiwa simu mpaka usiku. Ila mtu atakayesaini barua zako miaka mitano, jero ni mzigo. Nyerere nauli ya kwenda Umoja wa Mataifa 1955 ilichangwa na wanachama wa TANU. Na nyie wa Kaloleni mnaopita pale makumbusho ya Azimio la Arusha kila siku, ingieni basi siku moja: 1967 waliandika kiongozi awe mkulima au mfanyakazi, asiwe hata na nyumba ya kupangisha. Masharti yakalegezwa kule Zanzibar 1991, sawa, ila kiberiti hamkulazimishwa kupokea.

Mnashabikia huyu Mamdani wa New York kisa kazaliwa Kampala, status zimejaa. Mnajua alishindaje umeya 2025? Watu wa kawaida walimtumia vihela vidogo vidogo, na mji wao una utaratibu wa kuongeza dola 8 kwa kila dola 1 ya mkazi, mpaka dola 250. Zikajaa mpaka Machi akatoa video anawaambia basi, msitume tena, tumefika kikomo. Sisi huku hamna wa kutuongezea, najua, ila hata ile moja yenyewe hatutoi.

Sasa kuna mtu, namba 22, kanitumia meseji jana anadai mchango wake urudishwe kwa sababu "mgombea hakupita". Jumla yako ni 1,500 kaka. Njoo Jumatatu kijiweni uichukue, nitakupa mbele ya mama, na uje na deni lake la makande.