Nikikanyaga breki taa ya nyuma inafifia badala ya kung'aa, glopu nimeshabadilisha

dereva_wa_juzi:
Wakuu naombeni msaada nimechoka na hii taa. Nikiwasha taa za paki nyuma zinawaka zote mbili bila shida, ila nikikanyaga breki, ya kushoto inang'aa kama kawaida halafu ya kulia ndo kwanza inafifia inakaribia kuzima, na indiketa ya upande huohuo inawaka kwa mbaaali kama mshumaa. Nikajua glopu imekufa nikaweka mpya, mambo yaleyale. Na hiyo glopu ukiichungulia ndani ina nyuzi mbili, chini ina vidoti viwili vya risasi. Kwani glopu moja nyuzi mbili za nini? Au ni fyuzi?

kibuyu77:
Fyuzi hiyo mkuu, badilisha.

spana_kumi:
Fyuzi hapana. Magari mengi fyuzi ya breki ni moja kwa pande zote mbili, ingekata hata ya kushoto isingewaka.

Kwanza glopu. Hiyo ni ya wati 21 na 5, kwenye kitako huwa imeandikwa P21/5W. Uzi wa wati 5 ndo paki, wa 21 ndo breki, kila mmoja na kidoti chake pale chini. Sasa kile kitako cha bati ndo ethi, yaani njia ya umeme kurudi kwenye bodi, na nyuzi zote mbili zinaitumia hiyohiyo moja. Hapo ndo ugonjwa wako ulipo, ethi ya taa ya kulia imekufa au imeshika kutu.

Umeme ukikosa njia ya kurudi haukai, unatafuta uchochoro. Ukiwasha paki peke yake unapita uzi wa wati 5, unarudi kinyumenyume kwenye uzi wa breki, unafuata waya wa breki mpaka kwenye glopu ya kushoto na kule unapata ethi. Zile nyuzi za wati 21 zikiwa za baridi hazizuii umeme kivile, kwa hiyo paki inawaka karibu kama kawaida na wewe unadanganyika kwamba taa nzima. Ukikanyaga breki sasa, volti 12 zinaingia na huku na huku, uzi wa paki unakuwa na 12 kila upande, umeme utaenda wapi? Inafifia. Kidogo unaobaki unatorokea kwenye indiketa, ndo huo mshumaa wako.

Jaribu hivi: chukua kipande cha waya, ncha moja gusisha bati la holda, nyingine kwenye bodi sehemu isiyo na rangi, mtu akukanyagie breki. Ikiwaka vizuri umeshapata mchawi, safisha na msasa pale waya wa ethi unapofungwa.

mama_gereji:
Spana kamaliza, mie naongezea moja tu. Angalia pia uliyoweka mpya ni ya nyuzi mbili kweli. Vile vipini viwili vya pembeni kwenye hii havilingani, kimoja kiko juu kimoja chini, makusudi ili usiigeuze ukaja kuwasha breki kwenye paki. Ya uzi mmoja vipini viko sawa na kidoti ni kimoja, haitakiwi kuingia, ila watu wanailazimisha hivyohivyo mpaka inaingia, kile kidoti kinagusa kote kuwili basi ukikanyaga breki hadi taa za dashibodi zinawaka. Nimeziona nyingi tu 😂

dereva_wa_juzi:
Aisee asanteni sana. Glopu ni sahihi, vipini havilingani kama dada alivyosema. Nimeweka waya kama spana alivyoelekeza, kijana akakanyaga, taa ikawaka mpaka nikarudisha kichwa nyuma. Kufuatilia waya mweusi umefungwa na skrubu ndani ya buti, pale chini ya kapeti maji yalikuwa yanaingia na skrubu yote ni kutu, nimeigusa tu ikakatika. Sasa nimebaki na kipande ndani ya tundu, nakitoaje?

spana_kumi:
Achana nacho, toboa tundu jingine pembeni yake, kwangua rangi mpaka bati jeupe, funga skrubu mpya upake grisi juu. Ila chungulia kwanza chini ya gari kabla ya kutoboa, usije ukatoboa tangi.

kibuyu77:
Mi bado nasema fyuzi 😂