Kanda za VHS za marehemu baba: nizibane kiasi gani?

Nangobi, Jinja: Ndugu zangu, baba alirekodi ngoma za Busoga zilizoonyeshwa kwenye televisheni. Nimezihamishia kwenye kompyuta kwa MPEG-2, aina ya faili za video; saa moja inakula karibu GB 2 na diski inajaa. Mchezaji akitingisha kiuno, ile ngozi ya manyoya inachanika mistari-mistari. Nataka wajukuu waone kila unywele. Nifanyeje?

Fundi wa Mbale: Pole kwa msiba, dada. Mistari hiyo inatokana na PAL, mfumo wa televisheni uliorekodiwa: nusu-picha 50 kwa sekunde, zinapishana. Kwenye HandBrake, programu ya kubadilisha video, washa Yadif, kichujio cha kuondoa mistari, chagua Bob, namna inayogeuza kila nusu-picha kuwa picha, upate picha 50 kamili, kiuno kitatiririka. Tumia H.264, njia ya kubana video ili faili lipungue, ubora RF 18 (namba ikiwa ndogo, picha huwa safi zaidi). Mdogo wake, H.265, hubana zaidi ila kompyuta kongwe italala nayo usiku kucha. Na tafadhali, MPEG-2 usiifute! Nunua diski ya pili ya kuweka nakala, ikae nyumba nyingine.

Mzee wa Entebbe: Mwanangu, kanda zenyewe zitunze, zisimame wima, pakavu. Sisi wa kando ya ziwa, ukungu hauchelewi. Ukiona vumbi jeupe pembeni ya utepe, usiiingize kwenye deki, itachafua vichwa vinavyosoma utepe.

Nangobi: Asante mzee. Mbili zina hilo vumbi, nimezitenga.